Vidonge Visivyo na Jina

14 Februari 1989

Mdogo wangu mpendwa,

Tunakusalimu sote, wakubwa kwa wadogo. Naomba upepo wa huko uwe umepungua, maana barua yako ya mwisho ilikuja na mchanga ndani ya bahasha. Sisi tupo. Shemeji yako yuko na duka lake la kinyozi, mkasi haulali. Mpwa wako ameingia darasa la saba na sasa anajifanya mwalimu wa nyumba hii, kwa hiyo ukiona nukta zimekaa mahali pake ujue nani kaziweka.

Vidonge vimefika, kopo zima. Asante. Nakuambia kila mara na sitachoka: miaka minne iliyopita nilikuwa siwezi kufunga kifungo cha blauzi yangu mwenyewe, mimi ninayeishi kwa vifungo vya wenzangu. Vidole vilikuwa havikunjiki. Leo nakanyaga cherehani tangu asubuhi mpaka jioni. Mteja akiniuliza baridi yabisi imeendaje zake, namwambia nina mdogo wangu daktari. Najua utasema wewe ni mtunza stoo ya dawa tu. Mtaa umeshakupandisha cheo, utafanyaje?

Sasa nikuchekeshe. Nimenenepa. Na huu unene hauna adabu, umechagua pa kukaa. Mikono na miguu imebaki vijiti, uso umekuwa duara kama sahani, tumbo limetangulia mbele. Mtoto wa mteja mmoja alisimama mlangoni akanitazama weee, kisha akamuuliza mama yake, "Yule fundi wa zamani alienda wapi?" Tulicheka mpaka mama mtu akatoa machozi. Jirani yangu muuza mkaa kanipa hongera mara mbili, moja ya neema na moja ya mimba. Mimba, na miaka yangu arobaini na sita! Nikamwambia kama ni mimba basi imeshatimiza mwaka, huyo mtoto anasubiri nini huko.

Linalonisumbua ni hili. Nikiketi kwenye kigoda kupima pindo la gauni, kunyanyuka siwezi. Mapaja yanakataa. Juzi bibi harusi aliyekuja kujaribu gauni lake ndiye aliyenivuta kwa mikono yote miwili, na gauni bado lina pini, na pini ikamchoma ubavuni. Niliona haya.

Na ngozi nayo. Nikijigusa kidogo tu kwenye pembe ya meza ya kukatia, pale pale panaiva kama zambarau. Ni uzee? Wewe unayeshinda na vitabu vya dawa, niambie.

Kopo hili nalo halina karatasi ya jina, kama yale mengine yote. Unaikwangua ya nini? Niandikie vidonge hivi vinaitwaje, siku nikikwama nivitafute huku huku.

Dada yako

6 Machi 1989

Dada, shikamoo.

Mimi ni mzima, ila upepo haujapungua. Stoo yetu ni chumba kirefu chenye dirisha moja, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kufuta vumbi juu ya maboksi kabla sijagusa dawa. Friji ya chanjo imeharibika tena. Fundi alikuja, akaifungua, akaitazama, akaifunga, akaondoka. Ndivyo mambo yanavyokwenda hapa. Bado naishi peke yangu kwenye chumba cha wafanyakazi, na tafadhali usilianze lile somo lako la kuoa.

Nimefurahi kusikia vidole vinafanya kazi. Kunenepa kidogo kwa mtu aliyeumwa si jambo baya. Punguza chumvi. Tembea tembea jioni. Ngozi nayo, umri ukisogea, huwa laini.

Vidonge endelea kama nilivyokuelekeza, sita kila asubuhi baada ya kula. Visiache kuliwa hata siku moja.

Msalimie shemeji, na umwambie mpwa wangu nukta nimeziona.

Mdogo wako

11 Aprili 1989

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imekaa njiani wiki tatu, nadhani imetembea kwa miguu. Hapa mvua zimeanza na paa la kibanda changu cha kushonea linavuja juu ya meza ya kukatia, nimelazimika kuisogeza. Mpwa wako kaota jino juu ya jino jingine. Wengine hawajambo.

Chumvi nimepunguza. Uso haujasikia.

Nikuambie lakini usicheke. Nimeota ndevu. Mwanzo yalikuwa malaika tu, manyoya laini pembeni mwa mashavu, sasa yameshuka mpaka kidevuni na yamekolea. Nilikuwa nayaficha kwa kitambaa cha kichwa, nakivuta mbele kama mtu mwenye jino bovu. Jumapili shemeji yako alirudi mapema kutoka dukani na beseni, taulo na wembe mpya, akaniambia, "Keti."

"Nikae nifanye nini?"

"Mimi kinyozi. Unadhani naogopa ndevu?"

Akaninyoa taratibu. Alipomaliza alinifuta, akabaki ananitazama kama mtu aliyeweka kitu mahali akapasahau.

Nikamwambia, "Ni mimi."

Akasema, "Najua." Lakini nimeishi naye miaka ishirini na mbili, naijua sauti yake anapojua na anapojilazimisha.

Mkasi ulinichubua dole gumba tangu mwezi uliopita na kidonda hakifungi. Usingizi umenikimbia. Nalia bila sababu, kisha nakasirika na mteja kwa sababu ya zipu. Jirani muuza mkaa ameacha kunipongeza. Sasa ananong'ona kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na akisema hivyo anatazama upande wa mawifi zangu. Masikini mawifi zangu, hata chumvi hawajawahi kuniomba.

Hujanijibu swali langu la Februari. Vidonge hivi vinaitwaje?

Dada yako

2 Mei 1989

Dada, shikamoo.

Sisi huku salama. Kulikuwa na ukaguzi wa stoo wiki nzima, sikupata nafasi ya kuandika. Wakaguzi wameondoka na kila mtu amerudi kukaa vibaya kwenye kiti chake.

Nimetuma kopo. Ni dogo kuliko mengine, litakufikisha Julai mwishoni.

Nina swali. Tumboni na mapajani, una michirizi mipana ya rangi ya zambarau, kama ngozi iliyotaka kuchanika? Na nyuma ya shingo, chini kidogo, pamenyanyuka kama una mto mdogo wa nyama? Nauliza tu.

Pole kwa dole gumba.

Mdogo wako

18 Juni 1989

Mdogo wangu,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu kwa uhai. Mpwa wako anaandika mtihani wa majaribio wiki hii na nyumba nzima tunatembea kwa ncha za vidole.

Ulijuaje?

Michirizi ninayo, na mto wa shingoni ninao. Nilikuwa sijamwambia mtu. Wala kwenye barua zangu hayamo, nimekaa nikakumbuka neno kwa neno nilichokuandikia. Ulijuaje?

Ngoja kwanza nikueleze yaliyonipata. Jumatatu ya wiki mbili zilizopita nilinyanyua jora la kitambaa cha sare za shule, lile ambalo zamani nilikuwa nalipandisha mezani huku naimba. Nikasikia mgongo umelia, kah, kama mwiko mkavu. Nilikaa chini hapo hapo mpaka shemeji yako alipoitwa. Hospitali walinipiga picha, wakakuta pingili tatu za uti wa mgongo zimejishindilia, moja juu ya nyingine. Nyumbani nilimwambia mpwa wako anipime kwa futi yangu ya kazini. Nimepungua sentimita nne. Nimewapima watu maisha yangu yote, sijawahi kuona mtu mzima akipungua urefu.

Daktari aliyenipokea ni mwanamke, mdogo kuliko wewe. Alinizunguka akinitazama. Akanigusa shingo, akanifunua tumbo, akaniuliza kama naweza kusimama bila kushika kiti. Sikuweza. Kisha akaketi akanieleza vizuri, wala hakunifokea. Alisema juu ya figo tuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza kitu kinachoitwa kotisoli. Mwili hauwezi kuishi bila hicho kitu, lakini kikizidi kinamla mtu. Kinatafuna mifupa, kinatafuna misuli, kinalainisha ngozi, kinapandisha sukari na presha, kinajaza uso. Sukari ninayo, mdogo wangu. Presha ninayo.

Akasema, "Mama, hiki kinazidi kwa njia mbili. Ama una uvimbe unaouchochea mwili ukitengeneze kupita kiasi, ama kinaingia kutoka nje, kwa dawa za jamii hiyo. Unatumia vidonge vyovyote?"

"Sitii kitu kinywani ila chakula na chai."

"Hata vya maumivu? Hata vya kununua mtaani?"

"Hata hivyo."

Akaniandikia niende hospitali kubwa wakautafute uvimbe. Wakiuona watanipasua ubavuni. Nimewekwa kwenye orodha.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Shemeji yako alikuwa nje ya mlango, hakusikia. Nasubiri barua yako. Kama una neno la kuniambia, niambie.

Dada yako

23 Julai 1989

Dada, shikamoo.

Pole sana kwa mgongo. Natumaini mpwa wangu amefanya vizuri mtihani.

Huku joto kali. Kuna maneno kwamba nitahamishiwa kituo kingine, bado hayajathibitishwa. Fuata ushauri wa daktari kwa kila jambo.

Vidonge sijatuma mara hii. Stoo imekauka.

Mdogo wako

17 Agosti 1989

Mdogo wangu,

Salamu. Naandika nimelala, samahani kwa mwandiko.

Vidonge vimekwisha tangu tarehe nne. Kimebaki kimoja nilichokikata nusu, nusu nikala, nusu nimeiacha kwenye kopo kama mbegu. Viungo vimerudi vyote, lakini hivyo navijua. Hiki kingine sikijui. Chakula hakikai. Nikinyanyua kichwa nyumba inazunguka. Jana nilitaka kwenda mlangoni nikajikuta sakafuni, na mpwa wako ananiita kwa jina langu, siyo mama, kwa jina.

Barua yako ya Julai ina mistari minane. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili.

Tuma hata vichache.

Dada

5 Septemba 1989

Dada,

Vidonge vinaitwa prednisoloni. Mpe shemeji barua hii sasa hivi aipeleke kwa daktari, kabla hujasoma mstari unaofuata. Amwambie umekula vidonge sita vya miligramu tano kila siku kwa miaka minne na vimekatika ghafla. Ataelewa. Usingoje asubuhi, usingoje zamu, mbebeni mkakae mlangoni kwake.

Yanayofuata yanaweza kusubiri.

Huna uvimbe, dada. Asikupasue mtu. Vidonge hivi ni vya jamii ile ile ya kotisoli. Ulipokuwa unavila, tezi zako ziliona kitu kimejaa, zikalala. Vilipokatika, hapakuwa na cha nje wala cha ndani. Ndiyo maana nyumba inazunguka.

Kitabu cha dawa kiko kwenye rafu nyuma ya kiti changu. Ukurasa huo niliusoma miaka minne iliyopita kabla ya kukutumia kopo la kwanza. Unasema vitumike chini ya daktari, kwa muda mfupi iwezekanavyo. Nilikumbuka vidole vyako, nikasema nitakupa kwa miezi miwili. Ukaandika kwamba umeshona gauni zima kwa siku moja. Nikashindwa kuacha. Kila barua ulikuwa unanishukuru. Nilipenda sana kushukuriwa na wewe.

Barua yako ya Februari niliisoma nikiwa nimesimama. Sahani, vijiti, zambarau. Nilifungua kitabu, yalikuwa yameandikwa yote kwa mpangilio, kama mtu amekuchora. Nikakifunga, nikakuandikia habari ya chumvi.

Majina nilikuwa nayakwangua kwa sababu makopo hayakuwa yangu. Yalikuwa ya wagonjwa wa hapa.

Uliponiandikia kwamba umemwambia daktari hutumii kitu, nilipumua. Naandika neno hilo makusudi, ulijue. Nilipumua. Kisha nikaacha kutuma, nikijiambia mwili utajirekebisha wenyewe na hakuna atakayejua. Kitabu kinasema wazi: visikatishwe ghafla. Mstari huo niliusoma. Sijui niliusomaje.

Mimi si daktari. Ulikuwa unasema kwa utani, nami nilikuwa nakataa kwa utani. Ningekataa kwa kelele.

Mdogo wako

3 Oktoba 1989

Dada,

Sijapata jibu. Nimetuma kwa rejesta na posta wanasema bahasha imesainiwa. Andika hata neno moja. Mwambie mpwa wangu aandike.

Mdogo wako

14 Novemba 1989

Dada, shikamoo.

Shemeji ameniandikia. Mistari mitatu: Alianguka tarehe thelathini na moja Agosti, yu hai. Yupo wodini. Usimwandikie kwa sasa. Nimejaribu kumtii kwa wiki tano, leo nimeshindwa. Naomba asikukasirikie kwa ajili yangu.

Kuna jambo sikulisema kwenye barua ile na linaniamsha. Barua yako ya Agosti ilinifikia tarehe ishirini na saba. Siku hiyo hiyo nilikwenda posta kukupigia simu ya maandishi. Nilijaza fomu: MPELEKENI HOSPITALI VIDONGE NI PREDNISOLONI VIMEKATIKA GHAFLA. Karani akaanza kuisoma kwa sauti, neno moja moja, akiyahesabu. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo muuguzi mkuu wa hospitali yetu. Karani alipofika kwenye neno VIDONGE akanitazama, akauliza, "Vidonge gani hivi, kaka? Nisomee vizuri." Nikaichukua ile fomu, nikamwambia nimekosea anwani. Nikaikunja nikaiweka mfukoni. Nilikaa nayo siku tisa ndipo nikaandika barua.

Siku tisa, dada. Shemeji anasema ulianguka tarehe thelathini na moja.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mganga mkuu nikamweleza yote, makopo, miaka, wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Umekuja kwa sababu umegundulika?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi ungekuja mapema." Funguo za stoo nimerudisha. Kesi itakuwepo, sijui lini. Chumba cha wafanyakazi natakiwa kukiacha mwisho wa mwezi.

Nataka kuja. Ni safari ya siku mbili tu. Nitalala kwenye kibanda cha kushonea, nitachota maji, nitapika, nitafanya lolote. Niambie nije.

Swali moja, na usinijibu kama hutaki. Siku ile kwa daktari, ulipokataa, ulikuwa unajua?

Mdogo wako

28 Januari 1990

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu za mwaka mpya zimechelewa, zipokee hivyo hivyo. Mpwa wako amefaulu, ataanza sekondari mwezi ujao. Shemeji yako mzima, amekonda. Muuza mkaa amehama. Naandika kwa kituo, mistari michache kwa siku, kwa hiyo ukiona wino umebadilika ni siku nyingine.

Nikueleze ilivyokuwa, maana uliyoyasikia ni ya mistari mitatu.

Tarehe ile thelathini na moja sikumbuki kitu. Naambiwa nilikuwa baridi kama bati na presha haisomeki. Daktari yule yule mdogo alikuwa zamu. Alikuwa anatafuta malaria, anatafuta sumu, anauliza ule uvimbe ulipatikana au la. Shemeji yako akarudi nyumbani kwa baiskeli, akapekua kila mahali, na kwenye droo ya cherehani akakuta kopo na ile nusu ya kidonge. Akampelekea kwenye kiganja. Daktari akakigusa kwa ulimi, akatema, akasema, "Nilimuuliza. Nilimuuliza huyu mama." Ndipo wakanitundikia dripu yenye dawa yenyewe. Barua yako ya rejesta ilifika siku kumi na sita baadaye. Ningeitegemea hiyo, nisingekuwa hai kuipokea, lakini najua uliituma.

Sasa hali yangu. Jicho la kushoto limeingia ukungu, la kulia limeanza. Sindano siwezi kuitunga uzi. Kichwa cha mfupa wa paja, pale kwenye nyonga ya kulia, kimekufa. Daktari alitumia neno hilo hilo, kimekufa. Natembelea magongo kutoka kitandani mpaka mlangoni na huo ndio mji wangu. Uso umepungua kidogo. Unarudi, lakini umerudi wa mtu mzee ambaye sikuwahi kukutana naye. Cherehani imefunikwa shuka. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao, mmoja mmoja, kila mmoja akisema atakirudisha nikipona.

Na kuhusu zile tezi. Nilimuuliza daktari zitaamka lini. Akasema, "Zinaweza kuamka, mama, na zinaweza zisiamke. Kwa miaka yako minne, sikuahidi." Miezi mitano imepita, wamenipima mara mbili. Zimelala. Kwa hiyo kila asubuhi nakula vidonge, safari hii kwa kipimo kidogo. Ni vile vile, mdogo wangu. Vile vile, rangi ile ile, uchungu ule ule. Vilivyonimaliza ndivyo vinavyonishikilia, na siku nikivikosa nitaanguka tena. Mwezi uliopita hospitali haikuwa navyo siku tatu. Shemeji yako alizunguka mji mzima kwa baiskeli akiwa na karatasi ya daktari mkononi, siku ya pili nikaanza kutapika, siku ya tatu akavipata. Itatokea tena. Tunalijua wote watatu na hatulizungumzi.

Umeniuliza kama nilijua. Nilijua. Alipotamka tu neno dawa, nililiona lile kopo, nikauona ukwanguaji wako. Nilisema uongo kwa sababu mama alipofariki ulikuwa na miaka sita, na mimi ndiye niliyekuosha, nikakuvalisha, nikakushika mkono kwenda mazikoni. Mtoto wa namna hiyo humtaji mbele ya watu. Nikasema nitamngoja aniambie mwenyewe. Jina nilikuwa nimeshakuuliza Februari na Aprili, ndiyo maana Juni nikakuambia kama una neno niambie. Barua zote zile zilikuwa mlango ulioachwa wazi. Wewe ukanijibu habari za joto.

Kwa hiyo na mimi nimo. Ningesema ndiyo kwa daktari siku ile, wangenipunguzia kidogo kidogo, huenda jicho lingebaki. Hilo nalibeba mwenyewe, sikupi. Una lako la kutosha.

Kesi yako ikija, sema ukweli kama ulivyousema kwangu. Usinitafutie huruma kwa hakimu, usinitaje kama mgonjwa wako. Kula vizuri. Tafuta kazi isiyokuwa na dawa ndani yake.

Unataka kuja. Shemeji yako amesema niamue mwenyewe. Nimekaa na swali hilo tangu Novemba na ndilo lililochelewesha barua hii, macho ni kisingizio tu.

Usije.

Nakujua, na najijua. Utasimama hapo mlangoni na begi lako, umekonda, hujui pa kuweka mikono, na kabla hujaketi nitakuwa nimeshakusamehe. Nitaona miaka sita, nitaona mazikoni, basi, yatakuwa yamekwisha. Na mimi bado sijamaliza kukasirika, mdogo wangu. Sina kitu kingine kilichobaki ambacho ni changu mwenyewe, ambacho hakijatoka kwenye kopo. Niachie hicho.

Dada yako